Kinanda chako hakijafa, umekichomeka kwenye tundu la pedali

Mheshimiwa Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba uniwekee barua yangu hii hata kama ndefu, ukitaka kukata kata hizi salamu lakini yale ya waya niachie, maana ndo yalonifanya nishike simu niandike badala ya kumalizia nguo za harusi za watu.

Mie ni fundi cherehani hapa Jang'ombe, na chumba cha uani nimekigeuza studio. Si studio ya kutisha, magodoro mawili ukutani, kanga za zamani za bi mkubwa nimezitundika zipunguze mwangwi, kompyuta, spika mbili, maiki mbili, saundi kadi (kile kisanduku cha kuingizia na kutolea sauti ya kompyuta) na vinanda viwili. Narekodi vijana wa zenji flava, narekodi kaswida, na mara mojamoja wazee wa taarab wakinionea huruma.

Juzi baada ya alasiri kaja kijana kutoka Bububu, kateremka kwenye daladala kakumbatia kinanda kimefungwa shuka utadhani kabeba mgonjwa. "Kaka, hiki kimekufa, wallahi sijakipiga hata siku moja." Kakinunua mjini kwa pesa alizokuwa akizidunduliza tangu mfungo ulopita, kafika nyumbani kachomeka spika, kimya, karudi dukani, muuzaji kamwambia jaribu waya mwengine, kanunua waya, kimya, karudi tena kaambiwa basi huenda kimekufa lakini mali ikishauzwa hairudi. Nkamwambia haya nioneshe ulichomeka wapi. Kakigeuza, kaniekea kidole nyuma penye tundu la jeki kubwa. Nkavaa miwani yangu ya kutungia uzi nikasoma kiandishi kidogo pale juu ya tundu: SUSTAIN. Tundu la pedali lile! Kijana kachomeka spika mahala pa kuchomeka mguu.

Nkamwambia ndugu yangu, kinanda hiki hakina sauti ndani yake, hakina kabisa, na hata tundu la kutolea sauti hakina. Kanikodolea macho. "Kwa hiyo wameniuzia kinanda bubu?" Nkamwambia ndiyo, bubu, lakini anajua kuandika.

Basi Mhariri hapo ndo penye kiini cha barua hii. Watu wanatupa pesa, wanaambiwa vitu vyao vibovu, wanafungua vizima kwa bisibisi mpaka vinakuwa vibovu kweli, na sababu ni moja tu, hakuna alowaambia kwa Kiswahili ni kitu gani kinapita ndani ya waya upi. Waya wa maiki unapitisha sauti. Waya wa spika unapitisha sauti. Waya wa MIDI, ile lugha ya namba ambayo vinanda kama hiki cha kijana vinazungumza na kompyuta, haupitishi sauti hata chembe, unapitisha maagizo.

Mie naelewa kwa njia ya kazi yangu. Mteja akija nampima bega, kifua, urefu, naandika namba kwenye daftari. Zile namba si nguo. Huwezi kuzivaa ukenda nazo harusini. Lakini kwa namba zilezile naweza kushona kanzu ya pamba au ya hariri, na akibadilisha mawazo usiku mie sihitaji kumpima tena. MIDI ndo hivo hivo. Ukibonyeza kitufe kinanda kinapeleka namba tatu: ya kwanza inasema nota imebonyezwa, na kwa chaneli gani, ya pili inasema nota ipi (do ya katikati ni 60), ya tatu inasema imebonyezwa kwa nguvu kiasi gani, mwisho wake 127. Ukiachia kidole inakwenda taarifa nyengine kwamba kaachia. Basi, hayo ndo yote. Sauti inashonwa na programu ndani ya kompyuta, leo piano, kesho nai, keshokutwa fidla, na yule alopiga hayupo tena chumbani.

Jambo lenyewe si geni ati. Mwezi Januari 1983 kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki huko California, Marekani, walichukua kinanda cha Prophet-600 cha kampuni ya Sequential Circuits ya kule kule Marekani wakaiunganisha kwa waya na Jupiter-6 ya Roland ya Japani, kampuni mbili zinazogombania wateja, ukibonyeza hiki kinalia na kile. Waloshika bango ni Dave Smith wa Sequential na Ikutaro Kakehashi wa Roland, na mwaka 2013 wakapewa tuzo ya Grammy ya ufundi kwa kazi hiyo. Kinachonifurahisha mie ni kwamba hawakuitoza leseni, kampuni yoyote ikaruhusiwa kuitumia, ndo maana kinanda cha miaka ya themanini cha msikitini kwetu (alikiacha mgeni, hadithi ndefu) kinazungumza na kompyuta ya mwaka huu bila ugomvi. Chaja za simu zetu zilichukua miaka mingapi kusikilizana?

Sasa kwa wale wenye vinanda vya zamani vyenye matundu ya duara ya pini tano. Kwa kawaida yapo matundu matatu, IN, OUT na THRU, ingawa THRU si kila kinanda kinayo. OUT ni mdomo, IN ni sikio, THRU ni yule mtu wa kupokea habari akaipeleka kwa jirani kama alivoisikia. Mdomo unachomekwa sikioni, OUT inakwenda IN, ukichomeka OUT kwa OUT ni watu wawili wanasema hakuna anosikiliza. Na hapa ndo wengi wanapotea, ule waya wa bei rahisi wa kuunganisha na USB plagi zake zimeandikwa IN na OUT kwa upande wa kompyuta, kwa hiyo nyingi katika hizo ile iloandikwa IN ndo unaichomeka kwenye OUT ya kinanda. Nilihangaika nao siku mbili mie, nikalaumu kompyuta, nikalaumu waya, kumbe kuzigeuza tu.

Ukishaunganisha na bado kimya, tazama chaneli. MIDI ina chaneli 16 ndani ya waya mmoja, kama redio, anayesema kwenye chaneli 3 hasikiki kwa alofungua chaneli 1. Na kuna mazoea kwamba chaneli ya 10 ni ya ngoma. Binamu yangu siku moja kakaa kupiga wimbo wa harusi, kila kitufe anachogusa linatoka dumbaku au sahani ya dramu, mtoto wa jirani anacheka mpaka anakaa chini, binamu anasema kompyuta hii ina jini. Hamna jini, kinanda kilikuwa kinapeleka kwenye chaneli ya 10. Jini jengine ni lile la sauti mbilimbili, unabonyeza mara moja unasikia mara mbili kama kuna mtu nyuma anakuigiza. Hiyo inatokea kwa vinanda vyenye sauti zao wenyewe, kinalia chenyewe halafu namba zinakwenda kwenye kompyuta na zinarudishwa, kinalia tena. Dawa yake kwenye menyu ya kinanda tafuta Local uizime, hapo vitufe na sauti ya kinanda vinatenganishwa, kinangoja kuagizwa na kompyuta peke yake.

Haya ya MIDI yameisha, tuje kwenye sauti yenyewe, na hapa sitasema kila kitu maana maiki peke yake ni barua nyengine. Mbili tatu tu. Maiki ya kondensa, ile ya studio, inataka umeme wa volti 48 unaopandishwa na saundi kadi kupitia waya huohuo wa pini tatu, kuna kitufe kimeandikwa 48V, usipokibonyeza maiki utasema imekufa nayo. Maiki ya kawaida ya jukwaani haihitaji.

Halafu kuna kuchelewa. Mwimbaji anavaa hedifoni, anaimba, anajisikia nyuma kidogo, anapotea mdundo, anakasirika, anasema studio yako mbaya twende kwengine. Kompyuta inakata sauti vipande 44,100 kila sekunde na haivishughulikii kimoja kimoja, inavikusanya mafungu mafungu, fungu hilo ndo linaitwa bafa. Bafa ikiwa 1024 kila fungu ni kama milisekunde 23, na sauti inangoja wakati wa kuingia na wakati wa kutoka, jumla inapita 46, sikio la mwimbaji linaikamata hiyo wazi. Ukishusha mpaka 128 kila fungu ni milisekunde 3 hivi, kuchelewa hakuhisi tena. Lakini kompyuta dhaifu ukiishusha sana inaanza kutatarika, kwa hiyo mie nashusha wakati wa kurekodi na wakati wa kumiksi napandisha. Na kwenye Windows hakikisha umeweka draiva (programu ya kuiendesha saundi kadi) ya aina ya ASIO, inayopitisha sauti kwa njia fupi, ukiacha ile ya kawaida hata ukishusha bafa utaona mabadiliko haba.

Sasa umeme wetu. Mngurumo. Hili limenitesa mie kuliko mengine yote. Kompyuta ikiwa kwenye chaji spika zinavuma mmmmm, nikichomoa chaji kimya. Umeme wetu unapiga mara 50 kwa sekunde, na ukiwa na sikio utaijua sauti yake, ni sol ya chini kabisa imepanda kidogo, mie sasa hata nikiisikia kwenye friji ya mtu naitambua. Inakuja pale kompyuta iko kwenye soketi ya ukuta huu na spika kwenye soketi ya ukuta ule, kila moja ina njia yake ya kwenda ardhini, waya wa sauti unakuwa daraja baina yao, na mkondo mdogo unapita juu ya daraja. Nilichofanya ni kuleta vyote kwenye ekstensheni moja, na kubadilisha waya za spika nikaweka jeki zenye mikanda miwili myeusi badala ya mmoja. Hizo ndani zina nyaya mbili za sauti, moja imepinduliwa, kelele inaingia zote mbili sawasawa na mwisho wa safari inatolewa inabaki sauti tupu. Lakini lazima saundi kadi na spika zote mbili ziwe za aina hiyo, upande mmoja haisaidii. Na motor ya cherehani yangu nayo ilikuwa inaingia kwenye rekodi, trrrr nyuma ya kaswida, siku hizi nikirekodi dada yangu anajua ashone kwa mkono.

Kuna watu wanaondoa mngurumo kwa kuvunja ile pini ya juu ya plagi, au kuikata ethi (waya wa kwenda ardhini) ndani. Yakhe, usifanye. Mngurumo utakwisha kweli, na siku kifaa kikipata hitilafu atakayekuwa njia ya kwenda ardhini ni yule anoshika maiki ya chuma, na sisi hapa tunapiga muziki peku juu ya sakafu ya saruji. Waliotengeneza MIDI jambo hili walilifikiria, ndani ya tundu la IN umeme haupiti moja kwa moja, unawasha kitaa kidogo na upande wa pili kuna jicho linaona kile kitaa, mwanga ndo unaovuka, kwa hiyo waya wa MIDI wa pini tano hauleti mngurumo huo.

Chumvi pia. Anoishi karibu na pwani anajua, jeki ikikaa miezi bila kuguswa inafanya ukungu wa kijani, unaichomeka inakwaruza. Mie nazifuta kwa spiriti na kitambaa cha kanzu, naziweka ndani ya bati la biskuti na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavokuja na viatu.

Nije kwa jambo lilonikaa moyoni, na hili ndo sababu siungi mkono wanaosema kompyuta imeua taarab. Mwaka jana kaja Maalim mmoja mpiga kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi cha taarab, mtu mzima, sina ruhusa ya kumtaja. Nilishamtayarishia wimbo kwenye kinanda, bezi, fidla za kompyuta, mdundo, kila kitu, yeye aje aweke kanuni yake juu. Maqam, yaani mpangilio wa nota za wimbo, ni bayati, inaanzia re. Kakaa, kasikiliza, kanyamaza. Halafu kanambia taratibu, "Mwanangu, mdundo mzuri. Lakini hii mi yako imetoka Ulaya."

Na kweli. Kwenye bayati ile nota ya pili si mi ya kinanda wala mi bemoli (mi iloshushwa nusu toni), inakaa baina yao, na kinanda hakina kitufe baina ya vitufe. Kanuni ina vile vichuma vidogo pembeni vya kunyanyua na kushusha nyuzi, mkono wa kushoto unaviruka wakati wa kulia unapiga, kinanda kina nini? Nilikuwa nishakata tamaa nikitaka kufuta fidla zote. Lakini Maalim kakaa na kahawa yake, kasema tafuta, hicho chombo chako cha namba hakikosi namba ya hapa.

Basi ipo. Kwenye vinanda vingi kuna gurudumu la kupinda sauti. MIDI inalihesabu gurudumu hilo hatua 16,384, katikati penye utulivu ni 8192, na kwa kawaida mwisho wa juu na mwisho wa chini ni toni moja nzima. Robo toni, ndo kile kiasi cha kuishusha mi ya kinanda, kwa hiyo ni hatua 2048. Nikaandika 6144 (8192 toa 2048) kwenye kila mi ya fidla, kwenye programu unachora tu mstari, ukifika mi unashuka, ukitoka mi unarudi. Nikampigia. Maalim kafumba macho. "Bado. Umeshuka mno, si robo ya kitabuni hiyo, panda kidogo." Nikapanda 6300. "Bado." Nikapanda 6500 hivi. Kanyanyua kidole, hakusema kitu, kavuta kanuni karibu akaanza kupiga.

Tahadhari kwa atakaejaribu: gurudumu linapinda chaneli nzima, si nota moja. Mwanzo nilikuwa nimeweka fidla na bezi chaneli moja, kila mi ikishuka na bezi nalo linashuka utafikiri jahazi linazama. Tenganisha, kila sauti na chaneli yake. Kuna vinanda vilotengenezewa soko la Waarabu vina vitufe vya kushusha nota moja moja, ukikipata hicho umepona. Na MIDI mpya, ile ya 2.0 ilotangazwa 2020, inaweza kupinda kila nota peke yake, ila vifaa vingi tulivonavyo hapa bado vya zamani.

Mhariri, nnachoomba ni viwili. Kwanza wenye maduka, sitaji mtu, kabla hujampa mteja kinanda kifungue kichomeke kwenye kompyuta hapohapo dukani, abonyeze asikie, dakika kumi tu, ataondoka anajua nini kanunua na wewe hutorudishiwa. Na mwambieni wazi kwamba hiki ni cha kuagiza si cha kulia, kama ana spika tu na hana kompyuta mpeni kile chenye sauti ndani. Pili, gazeti lako lina kurasa za mpira mbili, wakati mwengine tatu. Tupe nusu ukurasa siku moja kwa wiki ya mambo ya ufundi kwa Kiswahili, si lazima muziki, hata mambo ya sola na pampu za maji. Mie nitaandika bure na wapo mafundi walonizidi wataandika, mtoto wa Bububu asilazimike kuvunjavunja Kiingereza cha kitabu chenye herufi za sisimizi ili ajue tundu lipi la nini. Kitabu cha kinanda chake alikuwa nacho mfukoni siku zote, lugha kumi na mbili, nikaipekua yote, yetu haimo.

Kijana tulichomeka waya wa USB kwenye kompyuta yangu, nkafungua programu nikachagua sauti ya udi. Kabonyeza kitufe kimoja. Karuka nyuma. Kakaa mpaka magharibi, nguo za watu hazikushonwa.

Wako,
Fundi cherehani,
Jang'ombe, Unguja

N.B. Ijumaa katuma ujumbe kaniuliza sasa lile tundu la SUSTAIN nilitie nini. Pedali, ndugu yangu. Ichomeke kabla hujawasha kinanda, na wakati unawasha usiikanyage, maana vinanda vingi vinasoma pedali pale vinapowaka, ukiwa umeikanyaga kitakupindulia, ukikanyaga sauti inakatika, ukiachia inavutika. Ikikutokea hivo kizime, toa mguu, kiwashe tena.